Moto katikati ya maji: namna boila ya treni ya mvuke ilivyofanya kazi, na sababu pipa lililofungwa linaua

Kijana mmoja wa sekondari hapa Mboko aliona picha ya treni ya zamani ndani ya kitabu cha historia: mashini nyeusi, bomba la moshi juu, moshi umejaa mbingu nzima. Akatuletea swali: «Kama moto na maji viko pamoja ndani ya kile chuma, juu ya nini maji hayazimi moto? Na mvuke, kitu laini vile, unavutaje mabehewa yote yale?»

Hapa Mboko hatuna reli. Lakini ukishuka na ziwa kuelekea kusini mpaka Kalemie, unakuta mwanzo wa njia ya reli inayokwenda Kabalo, na kwa miaka mingi treni za njia ile zilivutwa kwa nguvu ya mvuke. Tena, jambo hili halihusu treni tu. Kandokando ya ziwa letu kuna mapipa ya ngazi yanayochemka juu ya moto kwa ajili ya mawese. Kuna sufuria za presio katika nyumba za watu, na kuna mafundi wanaounganisha vyuma na kutaka kujitengenezea mashini ya mvuke. Yule anayeelewa boila ya treni ataelewa pia ni wakati gani pipa la nyumbani linaweza kuua mtu. Kwa hiyo tujibu swali la kijana hatua kwa hatua, kisha turudi kwenye mapipa yetu.

Reli ya kwenye ziwa

Maji ya Tanganyika yana njia moja tu ya kutokea: mto Lukuga, unaoanzia Kalemie na kwenda kuingia mto Lualaba. Lakini Lukuga una mawe na maporomoko, boti haiwezi kuufuata. Ndiyo sababu kampuni ya reli ya wakati wa Wabelgiji, iliyoitwa CFL kwa kifupi na kuanzishwa mwaka wa 1902, ilijenga reli kutoka Kabalo mpaka ziwani. Njia hiyo ina kilomita 273, na ilifika ziwani mwaka wa 1915, vita ya kwanza ya dunia ikiwa imekwisha kuanza. Mji ule uliitwa Albertville. Leo ni Kalemie.

Reli hiyo ilikuwa kipande cha safari ndefu. Mtu aliyetoka Kisangani alipanda treni mpaka Ubundu, kilomita 125, ili kupita maporomoko. Kutoka Ubundu alipanda boti mpaka Kindu, halafu treni tena mpaka Kongolo, kilomita 355, kisha boti mpaka Kabalo, na mwisho treni mpaka ziwani. Ng'ambo ya ziwa, Wajerumani walikuwa wamefikisha reli yao kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma mwaka wa 1914. Treni hizo, na boti kubwa za mito na ziwa, zote zilikuwa na moyo wa namna moja: boila, wengine wanasema shodieri, chombo kikubwa cha chuma ambamo maji yanageuzwa kuwa mvuke.

Maji yanapogeuka mvuke

Angalia sufuria ya maharagi jikoni. Maji yakichemka, kifuniko kinaanza kucheza. Kinachokisukuma ni mvuke. Lita moja ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke, inahitaji nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ni sawa na kuchukua maji ya chupa moja na kujaza mapipa manane ya lita 200. Mvuke unatafuta nafasi hiyo kwa nguvu, na ukikuta kifuniko, unakiinua.

Sasa, ukiziba njia zote na moto ukiendelea, mvuke hauna pa kwenda. Unajazana. Nguvu yake ya kusukuma kila upande wa chombo, tunayoiita presio, inapanda. Na presio ikipanda, maji nayo yanachelewa kuchemka. Hapa kwenye ziwa, karibu mita 770 juu ya bahari, maji katika sufuria ya wazi yanachemka kwenye digrii 97 hivi. Ndani ya boila ya treni yenye presio ya kilo 12 kwa kila sentimita mraba, maji yanafika digrii 190 ndipo yanachemka. Shika namba hiyo kichwani, tutairudia tutakapozungumza juu ya kupasuka.

Kuna jambo lingine ambalo mama yeyote anayenunua makala analijua bila kusoma. Kuchemsha maji si kazi ndefu sana, lakini kuyakausha yote sufuriani kunakula moto mwingi. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunadai joto karibu mara saba ya lile la kuyatoa kwenye baridi mpaka kuchemka. Joto hilo halipotei. Limefichwa ndani ya mvuke. Ndiyo maana mvuke unachoma mwili vibaya kuliko maji ya moto: ukigusa ngozi unageuka maji tena na kuacha joto lake lote hapo. Na ndiyo maana pia mvuke unafaa kwa mashini: ni njia ya kubeba nguvu ya kuni kutoka motoni mpaka kwenye magurudumu.

Juu ya nini maji hayazimi moto

Hili ndilo swali la kijana wetu. Jibu ni kwamba moto na maji havigusani. Vinatenganishwa na chuma, na kazi yote ya boila ni kufanya chuma hicho kiwe kikubwa kadiri inavyowezekana.

Sufuria inapata moto chini tu, na joto jingi linapita pembeni na kupotea. Ungejaribu kuvuta treni kwa sufuria kubwa ya namna hiyo, usingepata mvuke wa kutosha. Katika miaka ya 1820 mafundi wa Ulaya walipata njia nyingine. Mfaransa Marc Seguin aliunda boila yenye mabomba mengi ndani yake. Waingereza, katika mashini ya Stephenson iliyoitwa Rocket, iliyoshinda mashindano ya mwaka wa 1829, walitumia njia hiyohiyo na kuweka mabomba 25. Toka wakati huo, karibu mashini zote za treni za mvuke zilifuata umbo hilo.

Fikiria pipa refu sana lililolazwa. Nyuma yake, karibu na pale wanaposimama wafanyakazi, kuna sanduku la moto. Ni kama chumba kidogo cha chuma chenye mlango wa kutilia kuni ao makaa ya mawe, na chini yake kuna vyuma vya kupitisha majivu na hewa. Sanduku hili limewekwa ndani ya sanduku kubwa zaidi, na nafasi katikati yake imejaa maji. Kwa hiyo moto una maji kushoto, kulia, mbele, nyuma na juu. Paa la sanduku la moto linafunikwa na maji wakati wote.

Kutoka sanduku la moto, mabomba mengi, ao matiyo kama tunavyosema hapa, yanapita ndani ya pipa lile refu toka nyuma mpaka mbele. Mashini kubwa ilikuwa na mabomba zaidi ya 100. Ndani ya mabomba mnapita moshi na hewa ya moto. Inje ya mabomba kuna maji. Moshi ukiingia upande wa nyuma ni wa moto mkali, na kila hatua anayopiga ndani ya bomba unaacha joto lake kwa maji. Ukifika mbele, sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanyika. Unaingia kwenye chumba cha moshi, kisha unatoka kwa bomba la juu.

Basi picha iko hivi: moto katikati ya maji, na moshi unapita ndani ya maji kwa njia zake mwenyewe. Havipigani kwa sababu kila kimoja kina chumba chake.

Ule mlio wa treni una kazi yake

Wote waliosikia treni ya mvuke wanaiga sauti yake: tshu, tshu, tshu, tshu. Wengi wanadhani ni kelele tu ya mashini. Kumbe ni sauti ya treni ikijipulizia moto wake.

Mvuke ukimaliza kusukuma mashini, hautupwi hovyo. Unapelekwa kwenye chumba cha moshi kule mbele na kurushwa juu kwa nguvu, kupitia mdomo mwembamba, moja kwa moja ndani ya bomba la moshi. Ukiruka hivyo unaburuta moshi pamoja nao. Chumba kinabaki na upungufu wa hewa, na upungufu huo unavuta moshi kutoka mabombani, nao unavuta hewa mpya kupita chini ya moto. Ni sawa na mvukuto wa mfua vyuma, ila hakuna mtoto wa kuupiga.

Uzuri wake ni huu: treni ikipanda mlima inatumia mvuke mwingi, kwa hiyo inapuliza moto kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inapata mvuke mwingine haraka. Ikishuka ao ikisimama, moto nao unatulia. Mashini yenye silinda mbili inapuliza mara nne kila gurudumu likizunguka mara moja. Masikio ya dereva mzoefu yalisoma hali ya mashini kwa mlio huo, bila kuangalia saa yoyote.

Kutoka mvuke mpaka gurudumu

Mvuke unakusanywa juu kabisa ya boila, mara nyingi ndani ya kichuguu cha chuma kinachoonekana mgongoni mwa mashini, mbali na maji yanayorukaruka. Dereva akivuta mkono wa regileta, mvuke unashuka kwa bomba mpaka silinda. Ndani ya silinda kuna pistoni. Valvu inaruhusu mvuke kuingia upande mmoja, pistoni inasukumwa. Halafu inaruhusu upande wa pili, pistoni inarudishwa. Chuma kirefu kinaunganisha pistoni na gurudumu, kama vile pedali ya kinga inavyozungusha mnyororo.

Tufanye hesabu ili tuone nguvu. Pistoni yenye upana wa sentimita 45 ina uso wa sentimita mraba 1,590. Kila sentimita moja ikipokea kilo 12, pistoni nzima inasukumwa na karibu tani 19. Hiki ndicho kitu laini kinachovuta mabehewa. Mvuke hauna mfupa, lakini unasukuma kila mahali kwa pamoja.

Kuingiza maji mahali penye presio

Treni inatupa mvuke wake hewani, kwa hiyo maji ndani ya boila yanapungua muda wote. Lazima yaongezwe wakati mashini inatembea. Lakini unaingizaje maji mahali ambapo presio inataka kuyarudisha inje? Ukifungua tundu, mvuke ndio utakaotoka na kukuchoma.

Zamani walitumia pampu iliyozungushwa na magurudumu, lakini pampu hiyo ilifanya kazi treni ikitembea tu. Mwaka wa 1858 Mfaransa Henri Giffard alileta kifaa kinachoitwa injekta. Kinachukua mvuke wa boila yenyewe, kinaupitisha katika mdomo mwembamba ili ukimbie kwa mwendo mkali sana. Mvuke huo unakamata maji baridi kutoka tangi na kukimbia nayo, huku wenyewe ukigeuka maji. Kisha maji hayo yenye mbio yanaingia bomba linalopanuka polepole. Mbio zinapungua, na kila mbio inayopungua inageuka presio. Mwishoni presio ya maji inashinda ile ya boila, valvu ya kuingilia inafunguka, maji yanaingia. Hakuna gurudumu, hakuna pistoni. Watu wengi walipokiona kwa mara ya kwanza walifikiri ni uongo.

Maji yenyewe yalileta shida nyingine. Mama anayechemsha maji ya ziwa kila siku katika birika anajua ile ganda nyeupe inayobaki chini. Ni madini yaliyokuwa ndani ya maji. Katika boila ganda hilo linashika juu ya mabomba na kuzuia joto lisipite: kuni zinakwenda nyingi, mvuke unatoka kidogo, na chuma kinapata moto kupita kiasi. Kwa hiyo kila baada ya muda fulani boila ilizimwa, ikaachwa ipoe polepole, ikafunguliwa na kuoshwa ndani. Ilikuwa kazi ya mikono na ya jasho.

Siku mashini zilipoomba maji

Kuna kisa kimoja cha kweli, kilichotokea katika nchi yetu mwaka wa 1915, kinachoonyesha namna mvuke unavyotegemea maji. Waingereza walitaka kuondoa nguvu za Wajerumani kwenye ziwa Tanganyika. Walileta boti mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, chini ya ofisa Geoffrey Spicer-Simson. Boti zilitoka Uingereza kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume, Katanga. Hapo reli ya kuelekea ziwani haikuwepo.

Kutoka Fungurume mpaka Sankisia, zaidi ya kilomita 200 kupita milima ya Mitumba, boti hizo ziliburutwa nchi kavu na mashini mbili za mvuke zinazotembea barabarani, zikisaidiwa na ng'ombe na watu wengi waliokata miti na kujenga madaraja. Kuni zilikuwepo msituni. Lakini ilikuwa kiangazi, vijito vimekauka, na boila zilikuwa na kiu. Maji ilibidi yatafutwe mbali na kubebwa kichwani na watu wa vijiji, wanawake wakiwa kati yao, ili mashini zipige hatua. Kisha boti zilipita kwa reli ndogo mpaka Bukama, kwa mto mpaka Kabalo, na mwisho kwa ile reli mpya mpaka ziwani. Ziliwekwa majini mwezi wa 12, na tarehe 26 mwezi huo ziliteka boti ya Wajerumani Kingani, ambayo nayo ilikuwa ya mvuke.

Vitabu vingi vinataja jina la ofisa. Majina ya waliobeba maji hayakuandikwa. Lakini mtu akielewa boila, anajua kwamba bila vichwa vile vilivyobeba mitungi, zile mashini zingekuwa vyuma tu vilivyosimama njiani.

Kioo cha maji: jicho la dereva

Sasa tuje kwenye hatari. Mbele ya macho ya dereva kulikuwa na kioo, mrija wa gilasi uliosimama, uliounganishwa na boila juu na chini. Maji ndani ya kioo yanasimama sawa na maji ndani ya boila. Kati ya vyombo vyote vya mashini, hiki kiliangaliwa kuliko vingine. Kwa kawaida viliwekwa viwili, ili kimoja kikiziba kingine kiseme ukweli.

Sababu ni ile paa ya sanduku la moto. Chini yake kuna moto mkali kupita kiasi, lakini chuma chake hakilainiki, kwa sababu maji yaliyo juu yanachukua joto muda wote. Maji yakishuka chini ya paa, hakuna tena wa kuchukua joto. Kwa dakika chache chuma kinakuwa chekundu. Chuma kwenye digrii 600 kimepoteza nusu ya nguvu zake ao zaidi. Presio kutoka juu inakibonyeza, kinapasuka ndani ya moto.

Na hapo ndipo ile namba ya digrii 190 inarudi. Maji ya boila yana moto kuliko maji yoyote ya kuchemka tunayoyajua. Presio tu ndiyo inayoyazuia yasigeuke mvuke yote. Chombo kikipasuka, presio inaondoka ghafla, na sehemu ya maji inalipuka kuwa mvuke mara moja. Kumbuka lita moja inadai nafasi ya lita 1,600. Boila ina maelfu ya lita. Si mvuke uliokuwepo unaobomoa kila kitu, bali ule unaozaliwa wakati wa kupasuka. Boila zilizopasuka ziliwahi kurushwa mbali na magurudumu yake.

Kwa hiyo mafundi waliweka walinzi watatu. Wa kwanza ni kile kioo. Wa pili ni valvu ya usalama: kifuniko kinachobanwa na springi, ambacho presio ikizidi kipimo kinafunguka chenyewe na kuachilia mvuke. Katika siku za mwanzo kulikuwa na madereva waliofunga valvu hiyo ili wapate nguvu zaidi, na wengine hawakuishi kueleza. Baadaye ziliundwa valvu ambazo dereva hawezi kuzichezea. Mlinzi wa tatu ni kizibo cha risasi kilichowekwa kwenye paa la sanduku la moto. Maji yakipungua, risasi inayeyuka kabla ya chuma kulainika, na mvuke unamwagika ndani ya moto na kuwaonya wafanyakazi kwa kelele.

Sababu mvuke uliondoka relini

Mvuke ulikuwa na nguvu, lakini ulikula sana. Kati ya sehemu 100 za joto lililokuwa ndani ya kuni ao makaa, 5 mpaka 8 tu ndizo zilizofika kwenye kuvuta mabehewa. Nyingine zilipotea na moshi na mvuke uliotupwa. Kuni kavu zina karibu nusu tu ya joto la makaa mazuri ya mawe, kwa hiyo mashini ya kuni iliramba misitu. Tena, boila baridi inahitaji saa nyingi kuwashwa mpaka ipate presio, kwa sababu ukiipasha haraka vyuma vinatanuka vibaya na kuvuja. Mashini ya mazutu inawashwa na kuondoka.

Kwa hiyo baada ya miaka ya 1950 mvuke ulirudi nyuma kila mahali. Reli za Afrika ya Mashariki ziliagiza mashini 34 kubwa sana za mvuke, za aina ya Garratt, zenye uzito wa zaidi ya tani 250, zilizofika katika miaka ya 1955 na 1956; leo moja kati ya hizo unaweza kuiona katika makumbusho ya reli Nairobi. Hata Liemba, ile meli inayojulikana na watu wengi wa Fizi waliokimbilia Tanzania, ilizaliwa na mvuke. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka wa 1916, baada ya kupaka mashini mafuta mazito ili zisioze. Ilipoinuliwa mwaka wa 1924, mashini zilikuwa bado nzima, nayo ikarudi kazini mwaka wa 1927. Katika miaka ya 1970 ndipo ilibadilishiwa moyo na kuwekewa mashini za mazutu.

Lakini mvuke wenyewe haujafa. Vituo vingi vikubwa vya umeme duniani vinachemsha maji ili kuzungusha mashini zake. Viwanda vya sukari vinachoma makapi ya miwa chini ya boila. Katika hospitali zetu, vifaa vya upasuaji vinasafishwa ndani ya chombo cha mvuke kwenye digrii 121, kwa sababu kuna vijidudu ambavyo maji ya kuchemka ya kawaida hayaviui.

Turudi kwenye pipa letu

Pipa la lita 200 lina mfuniko wa upana wa karibu sentimita 57. Uso wake ni sentimita mraba 2,550 hivi. Ukilifunga kabisa juu ya moto na presio ikapanda kilo moja tu kwa kila sentimita, mfuniko unasukumwa na tani mbili na nusu. Ni sawa na magunia 50 ya kilo 50. Boila ya treni ilitengenezwa kwa chuma kinene, ikashikwa na mamia ya vyuma vya ndani, ikabeba kilo 12. Pipa ni bati jembamba. Lilitengenezwa kubeba mafuta, halikutengenezwa kubeba presio. Litapasuka kabla hata ya kufika hapo, na maji yake yatamwagikia waliokaa karibu.

Kwa hiyo, mama na baba wanaopika ngazi, na mafundi wetu, mushike haya:

Usifunge chombo chochote chenye maji juu ya moto bila njia ya mvuke kutokea. Gunia ao majani juu ya pipa yanatosha kutunza joto, na mvuke unapata pa kupita. Wanaopitisha mvuke kwa tiyo nyembamba waangalie kabla ya kuwasha kama haikuziba. Tiyo iliyoziba ni sawa na mfuniko uliofungwa.

Usiache pipa likauke juu ya moto, na likikauka usimwage maji ya baridi ndani mara moja. Ondoa moto kwanza, subiri chuma kipoe. Maji yakigusa chuma chekundu yanakuwa mvuke papo hapo na kukurukia usoni.

Sufuria ya presio ina kitundu na kizibo kidogo. Ukisafishe kila mara, kisizibwe na mabaki ya maharagi. Usiifungue mpaka mvuke wote umetoka wenyewe, na kizibo kikipotea usiweke msumari ao kijiti mahali pake. Hicho ni sawa na yule dereva aliyefunga valvu.

Na fundi anayetaka kutengeneza boila ya kweli, hata ndogo, asianze bila valvu ya usalama, kipimo cha presio na kioo cha maji. Kabla ya kuiwasha, ijazwe maji ya baridi mpaka juu, hewa yote itoke, kisha isukumwe kwa pampu mpaka presio izidi mara moja na nusu ile itakayotumika. Maji ya baridi hayabanwi kama mvuke. Chuma kikishindwa kitavuja tu. Mvuke hautoi onyo la namna hiyo.

Basi kijana wetu apate jibu lake: maji hayazimi moto kwa sababu chuma kinavitenganisha. Na siku chuma hicho kinapokosa maji ao kinapokosa mlango wa kutolea mvuke, ndipo hatari inaanza. Jioni hii, ukipita penye pipa linalochemka, tupia jicho mfuniko wake. Ukikuta umefungwa kwa waya ao umebanwa na jiwe zito, mwambie mwenyewe aufungue kwanza; salamu zitafuata.